Idodomya

Daktari akazungusha kifaa juu ya jeli baridi,
akanyamaza.
"Ya kulia ipo. Ya kushoto haikupanda."

Sechelela hakujua kwamba figo hupanda:
huanzia chini, nyongani;
jozi mbili za kwanza huja zikakauka
kama makorongo ya Kongwa,
ya tatu ndiyo hukwea mgongo
wiki kwa wiki, hadi mbavuni.

Ya mwanawe ilichoka njiani.
Idodomya, angesema bibi: imezama.
Mji mzima una jina hilo, na watu wanaishi.

"Atakojoa?"
"Anakojoa tayari. Maji anayoogelea
ni yake mwenyewe."

Nje, Novemba, madumu yamejipanga bombani.
Sechelela akacheka peke yake:
wa humu ndani kajichimbia kisima.