Picha ya Maktaba

Tupo wanne kwenye benchi la fundi Kasubi, Isevya.
Aliyetupiga hakutuuliza majina,
alisema tu, "Msicheke. Tazameni chini kidogo."
Saa saba mchana, umeme umekatika tangu asubuhi,
na nyuma yetu mota ya mashine ya kusaga
imelala tumbo wazi,
nusu nimeisuka, nusu inasubiri.
Mota haikutokea pichani.

Mara ya kwanza tuliandikwa "Vijana wakiwa kijiweni, Tabora."
Sawa. Benchi ni benchi.
Mwaka uliofuata tukawa "Bangi yamaliza vijana,"
na Lusesa, mkono mdomoni, akazungushiwa duara jekundu.

Ulikuwa mkono wa kutema nta.
Baba yake alikuwa karudi kutoka mizingani, Sikonge,
tukagawana sega moja watu wanne,
vidole vikanata hata waya haukutaka kuachia.
Nani angeliandika hilo?
Gazeti halina harufu.

Kabla ya uchaguzi tukapandishwa cheo: "Taifa la kesho."
Baada ya uchaguzi: "Kamari, janga jipya mikoani."
Safari moja tulitangaza mikopo ya pikipiki,
na hakuna aliyetukopesha hata spoki.
Na kila mara, chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
Picha: Maktaba.

Sijawahi kuingia maktaba hiyo.
Sijui ina rafu ngapi, wala nani anafuta vumbi,
ila najua nalala humo na ovaroli langu la buluu,
nywele nimenyoa,
na mara mbili wamenihesabu
katika "vijana wanne wa kiume."
Mama alicheka mpaka akashika ukuta.
Kisha akanyamaza, akasema,
"Kalunde, wewe unayesuka mota,
kichwa chako kitakushinda?"

Miaka saba sasa.
Mrisho, wa kulia, yule "asiye na mwelekeo,"
anafundisha hesabu Urambo na ana kitambi.
Igulu alikwenda Mpanda, namba yake haipatikani.
Lusesa tulimzika Machi. Ini.
Mvua ilitukalisha kwenye turubai saa mbili
kabla kaburi halijakubali kukauka.
Mei akatokea tena, ukurasa wa tano:
"Vijana wahimizwa kujiandaa na maisha ya baadaye."

Nikapiga simu gazetini.
Akapokea dada mmoja, sauti ya upole kweli,
akanisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza,
"Una uhakika ni wewe?"
Nilitazama kovu la waya kwenye kidole gumba.
Nikajibu, "Subiri."
Salio likaisha nikiwa bado najitazama.

Jioni ile nikaenda Ng'ambo kwa mama Lusesa.
Nilikuwa nimejipanga: tutaandika barua, tutadai waitoe,
hata wakili nilishamwulizia.
Akanisikiliza huku anachambua mchele.
Akainuka, akarudi na kopo la biskuti,
akalifungua kama mtu anayefungua jeraha la mwingine.

Vipande tisa.
Amevikata kwa mkasi wa cherehani, kingo safi,
na maneno yote ameyatupa:
bangi, kesho, kamari, mikopo, sisi watatu pia.
Amebakiza uso mmoja mara tisa.
"Ile ya kitambulisho kakodoa macho kama mshitakiwa," akasema.
"Kwenye hii anacheka."

Nikasogeza kipande kwenye taa.
Kweli. Nyuma ya mkono ule, macho yamemtoroka.
Aliambiwa asicheke akacheka,
na miaka yote hiyo mimi nilikuwa nasoma maandishi.

"Alikuwa anacheka nini?"
Nikamweleza habari ya nta, ya yule mpiga picha
aliyekanyaga sega na kiatu chake cha mjini.
Akacheka kidogo, akafunika kopo,
akarudi kwenye ungo wake.
Barua ilikuwa mfukoni mwangu, imekunjwa mara nne.

"Kalunde," akasema, bila kuinua uso,
"unadhani mwakani wataitoa tena?"