Miguu Yako Iko Wapi?

Saa tisa za usiku, Wete, umeme umekatika,
na moyo wangu unatwanga
kama kinu cha jirani asiyejali kuwa watu wamelala.
Sina homa. Sikukimbia.
Nimekaa tu ukingoni mwa kitanda
nikihesabu:
kilo za karafuu zilizorowa juzi,
pesa za kikoba, za Jumamosi,
na sauti ya Bi Mafunda, mweka hazina,
akiniuliza taratibu, "Shuwena, safari hii vipi?"
Taratibu ile ndiyo inayoniua.

Vidole vimekufa ganzi.
Kifua kimefungwa ukambaa
na aliyekifunga hajulikani.
Kila nikivuta hewa inaishia kooni,
hairuki kizingiti.
Nikajisemea: ndiyo haya. Ndiko kufa kwenyewe,
na unga sijaufunika.

Mlango ukalia.
Hadia, miaka minane, kanga yangu mabegani,
binti yangu wa pumu,
niliyemkimbiza hospitali usiku, mara ngapi sikumbuki,
yuko mgongoni, kifua kinapiga filimbi.
Hakuuliza nina nini.
Alipanda kitandani, akanishika tumbo
kama mtu anayepima maji mtungini.

"Mama, miguu yako iko wapi?"

Swali gani hili?
"Iko hapa."
"Hapa wapi?"
Nikaitafuta. Wallahi niliitafuta,
kama kwamba niliisahau jamvini pamoja na makonyo.
Nikaipata: visigino juu ya saruji,
na ule ufa wake
unaonikwaruza tangu nilipoolewa.
"Sakafuni."
"Pana baridi au pana moto?"
"Baridi."
"Haya. Na mgongo?"

Ndivyo nesi Raya alivyomfundisha
mwaka jana, wodi ya watoto,
mimi nimesimama dirishani nalia kwa siri
nikidhani wanacheza.

"Sasa vuta kwa pua, kama unanusa karafuu
ujue imekauka.
Toa kwa mdomo, kama unapoza uji.
Polepole, mama! Uji utamwagika."

Nikavuta. Ikakwama.
Nikapoza uji usiokuwepo.
Nikavuta tena, sikuona tofauti,
nikataka kumwambia akalale, kesho skuli.
Mara ya nne, au ya sita,
hewa ilishuka ngazi moja,
ikafika pale alipoweka kiganja,
kiganja kikainuka.
"Umeona?" akasema. "Limepanda!"
Na akacheka, kama anayetazama
andazi likivimba karaini.

Tukakaa hivyo. Kiza kilikuwa kile kile
lakini sasa kilikuwa na vitu ndani:
harufu ya gunia moja lililonusurika,
tone linaloanguka kwenye ndoo,
bega linaloshuka, bega ambalo sikujua
nimelipandisha hadi sikioni tangu Jumatatu.
Taya likalegea. Ulimi ukalala.
Vidole vikarudi kimoja kimoja
kama watoto walioitwa kula.

Sisemi hofu iliondoka.
Ilisogea, ikavuta kigoda, ikakaa,
ikanitazama nami nikaitazama.
Kikoba kipo. Karafuu zimegeuka mpeta
na hazitageuka tena.
Jumamosi itakuja kwa miguu yake.
Nami nina yangu, sakafuni, baridi.

Hadia alisinzia kabla yangu,
mkono bado tumboni kwangu.
Nikamsikiliza kifua, kwa mazoea:
leo hakipigi filimbi.
Nikaifuata pumzi yake, nikapotea hesabu,
nikaanza upya, nikapotea tena,
mpaka umeme ukarudi, friji ya jirani ikaguna,
na msikitini, kabla ya neno la kwanza,
muadhini akakohoa,
akanyamaza kidogo,
akavuta hewa.