Pasi ya Kushonea

Hatimbhai alinipangia pasi tano juu ya kaunta,
kila moja na waya wake umekunjwa kama mkia wa paka aliyelala.
Hii ina mvuke, mama. Hii hujizima yenyewe ukisahau.
Hii nyepesi, hata mtoto atainyanyua.
Nikamwambia, mtoto wangu hashoni.

Nikazipima moja moja kwa kiganja
kama wanavyopimwa kuku Kongowea,
macho yakitazama pengine.
Ile nyepesi nikaiweka kando:
pasi nyepesi hukuachia wewe kazi ya kukandamiza,
na bega langu la kulia
lina ugomvi wa zamani na cherehani.

Ya mvuke niliigeuza tumbo. Matundu kumi na manne.
Hatimbhai, kwetu Majengo maji ni ya kisima,
ukichemshia chai unaona weupe ndani ya sufuria.
Wiki tatu haya yataziba,
halafu siku moja, siku ya kitambaa cheupe cha watu,
itatema kutu.
Akanyamaza. Nyumbani kwake nako maji ni hayo hayo.

Watu hudhani pasi ni ya kunyoosha tu.
Shati, sawa, nyoosha.
Anayeunga viraka hanyooshi, hubonyeza:
unaishusha, unahesabu tano, unainyanyua.
Ukiiburuta, mraba unavutika pembe,
unavimba ubavu mmoja kama hamri,
na huo mmoja ukienda upande
ile mingine mia na arobaini na mitatu
itainama kuufuata.

Bibi yangu Somoe alikuwa na ile ya mkaa,
yenye jogoo wa shaba kwenye komeo,
nzito kama deni.
Cheche iliruka siku moja ikatoboa shuka la bibi harusi.
Bibi akashona ua juu ya tundu, kimya.
Bibi harusi alipoliona
akaomba mengine manne.
Sijui kama alilipia.

Nikachukua ya nne, ile isiyosifiwa.
Chuma kitupu, tumbo laini lisilo na tundu,
ncha nyembamba ya kuingia baina ya mishono.
Hatimbhai alikuwa hata bei yake ameisahau;
aliifuta vumbi kwa mkono wa shati.
Inajizima? nikamuuliza.
Hii? Haijizimi hii.
Si kitu. Majengo stima hujizima yenyewe.

Ubao ndio ulionitoa dukani mikono mitupu.
Zile mbao za kukunja, miguu ya korongo,
niliusukuma mmoja kwa kidole ukashikwa na homa.
Tena mwembamba: umetengenezewa mkono wa shati,
si tandiko la kitanda cha sita kwa sita
ambalo lingeteleza lote likalale sakafuni.

Kwa Kitsao seremala, Mwembe Tayari, nikakuta mlango.
Ulitoka nyumba iliyobomolewa Kibokoni,
mbambakofi, haujui mchwa ni nani.
Akaufunga miguu minne, urefu wa kitovu changu
(alitaka kupima kwa chake, nikakataa),
akaupiga randa, tukautandika blanketi lililokunjwa mara mbili,
na juu yake marekani, tukaivuta hata ikalia kama ngoma.

Tundu la ufunguo tulilisahau.
Liko chini ya blanketi, upande wa kushoto.
Nikinyunyiza maji na kubonyeza hapo
joto hupenya, hutokea chini, hunipuliza goti.
Kitsao alisema atakuja kuliziba. Nikamwambia asije.
Kuna mtu aliwahi kuinama hapo usiku
kuchungulia nani anabisha.

Jana stima zilirudi saa nane za usiku.
Nikaamka, nikachomeka,
nikalowesha kidole kwa mate, nikagusa chuma. Tss.
Nikashusha, nikahesabu tano, nikanyanyua,
mraba baada ya mraba, taa ya nje ikiwa haiwaki.
Mara goti likapata joto.
Nikajua nimefika mlangoni.