Ubao wa Daraja

Mwalimu Anyitike alitufundisha darasa la nne:
kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote.
Tukakariri majina: Unguja, Pemba, Mafia, Ukerewe.
Hakutaja Ilundo.
Simlaumu. Wakati ule daraja lilikuwepo.

Sasa mto Isumba uko mbele, Nkwasi uko nyuma,
juu msitu wa mianzi na ukungu usiojua kuaga,
na sisi katikati, kaya mia moja arobaini na tatu,
migomba, ng'ombe, zahanati yenye kufuli.
Bahari sijaiona. Chumvi naijua ya dukani.
Lakini kisiwa nakijua kwa miguu yangu,
mwezi wa nne, maziwa kichwani, maji kiunoni.

Mimi ndiye karani wa chama cha maziwa.
Kila asubuhi naandika kwa biki:
Mama Lusajo, lita nne.
Mzee Mwakasungula, lita mbili na nusu, ng'ombe wake ana mimba.
Tumwitike, lita sita.
Zilizofika ng'ambo: sifuri.
Hiki ni kitabu cha tatu.
Safu ya kulia imejaa mayai
wala hakuna kuku.

Walikuja kupima. Tuseme kweli, walikuja.
Mara ya kwanza na futi kamba,
mara ya pili na kamba ndefu zaidi,
mara ya tatu na kijana wa buti jipya
aliyeyapiga picha maji,
akatupiga picha sisi tukiyatazama maji,
akachomeka vigingi vyenye rangi nyekundu.
Vigingi vimechipua.
Udongo wetu hauna kinyongo:
hata ahadi ukiifukia, huota majani.

"Mchakato unaendelea," barua ilisema.
Niliipenda, herufi safi, muhuri umekaa sawa.
Nimeibandika ukutani juu ya madebe.

Serikali, sikutukani.
Ulimleta nesi Subilaga, akatuzalisha miaka sita
hadi alipohamishwa, kufuli likashika zamu.
Ulituletea bomba, na mpaka leo linatoa maji,
ingawa maji, jamani, si kitu tulichopungukiwa.
Nasema tu: tozo yangu, shilingi ishirini kwa lita,
huvuka mto kila mwezi bila kulowa.
Inapita wapi?
Nionyeshe hapo,
nami nipitishe debe.

Hayo niliyasema mkutanoni, mbele ya mtendaji.
Wakapiga makofi. Nikakaa, nimevimba kidogo.
Ndipo Gwakisa, mtoto wa jirani,
aliyekuja kumletea bibi yake mwavuli,
akauliza kwa sauti yake ya kengele:
"Mama karani, na mbao za daraja la zamani ziko wapi?"
Kimya.
Mvua tu juu ya bati.

Maana mto ulichukua nguzo. Mbao ulitutemea.
Tuliziokota usiku uleule, kila mtu na wake,
bila taa, bila salamu.
Mwenyekiti ana mlango.
Kanisa lina mabenchi mawili.
Mzee Mwakasungula analalia kitanda
ambacho kikilia usiku, hulia kama watu wanavuka.
Mimi ninao mmoja, mkaratusi mzito, matundu manne ya misumari.
Ndama wangu hulala juu yake asiguse tope.
Sikuuandika kitabuni.

Leo nimefungua ukurasa mpya.
Tarehe. Jina langu lote, Atuganile Mwaisumbe.
Ubao: mmoja. Nimechukua.
Safu ya kulia, "umerudi", nimeiacha wazi.

Ndama bado yuko juu yake, anacheua.
Ubao ule unataka watu wawili kuubeba.
Nimemtuma Gwakisa kwa mwenyekiti,
amsalimie,
na aulize habari za mlango.