Makofi ya Lazima

Jumapili, kipindi cha tatu. Hisabati imefutwa.
Tumeshushwa uani, skuli nzima,
chini ya paa la mabati, hapa Al Khudh,
mwezi wa Oktoba, ambao huku
ni kiangazi kilichoaga na bado kimekaa mlangoni.

Abla Zamzam ana kipaza sauti na koo la jana.
"Sijawasikia!"
Ametusikia.
Hata mlima mweusi nyuma ya skuli umetusikia,
umeturudishia jina la skuli yetu
likiwa halina kichwa.

Ghaniya anapiga kelele kwa moyo wake wote;
moyo wenyewe unakimbia milinganyo.
Raya anafumba na kufumbua mdomo kama samaki wa kwenye tangi.
Nimesimama ubavuni pake: haitoki hata pumzi.
Wadogo wa darasa la tano wamegaiwa vibendera,
wanashangilia kweli, mpaka shungi zinawateleza,
na mmoja anamuuliza mwenzake,
"Kwani tunacheza nini?"

Badriya analia. Kila mwaka analia.
"Tukiwa wengi hivi," alituambia siku moja,
"najihisi nina ndugu."
Tulicheka. Kisha tukakumbuka kwao:
yeye, runinga, na baba anayerudi saa nne za usiku.
Tukaona haya, kila mtu akatazama kucha zake.

Na mie?
Mie ni mtu wa makofi mepesi,
viganja viwili vinavyokutana
kama majirani waliogombania ukuta:
salamu, basi.
Si kiburi, wallahi.
Ila furaha inayoitwa kwa kengele
huja imevaa viatu vya kuazima,
nami naiona inavyochechemea.

Sasa wanapandishwa jukwaani wale saba,
jezi za kijani juu ya mikono mirefu.
Wa mwisho ni Shinuna, mlinda lango wetu,
mpira wa mikono, darasa moja na mie, dawati la mbele yangu.
"Shi! Nu! Na!"
Mabati yanatetemeka.
Naye anatazama kamba za viatu vyake
kama mtu anayesoma barua ya deni.

Kwetu husemwa: kelele za mlango
hazimnyimi mwenye nyumba usingizi.
Mwenye nyumba hii alikuwa Shinuna.
Usiku wa kuamkia mechi, saa saba, simu yangu ikawaka:
"Umelala? Mie bado nawasikia."

Sikumjibu.
Niliandika, nikafuta. Niliandika tena, nikafuta.

Tulifungwa ishirini na sita kwa tisa.
Mpira mmoja aliuzuia kwa uso.

Jumanne asubuhi, mstarini:
wimbo wa taifa, bendera,
na Abla Zamzam, koo limeshapona,
akazungumzia usafi wa vyoo.
Akazungumza kwa kirefu.
Shinuna alikuwa nyuma yangu,
jicho la kushoto limevimba rangi ya bilingani.
Hakuna aliyelitaja jina lake,
si kwa silabi tatu, si kwa moja.

Nikaitafuta ile kelele ya Jumapili.
Kelele kubwa vile, huwekwa wapi ikishatumika?
Ghalani, pamoja na vibendera?
Juu yetu mabati yalitanuka kwa jua,
ta, kimya, ta,
hayo ndiyo makofi peke yake aliyopigiwa.

Nilitaka kupiga langu, moja, la hiari.
Mikono ikabaki ubavuni.
Haijapata kufundishwa hilo.

Basi nikageuka, Abla akiwa bado yuko vyooni,
nikamega mkate wangu wa jibini na chipsi,
nikampa kipande kikubwa.
Akakitazama kwa lile jicho zima.
"Chipsi zimelainika," akasema.
Akala.