Katika Maeneo Machache

Saa kumi na moja alfajiri, birika halijachemka,
nausoma utabiri wa Iowa Mashariki kwa Kiingereza
na kuusema kwa Kiswahili ndani ya simu:
sauti ya dakika moja na nusu
kwa watu sitini na wanne wa majengo yetu,
Cedar Rapids.

"Hamjambo. Leo Alhamisi.
Joto nyuzi tisini na saba kwa kipimo chao,
kwa kipimo chetu thelathini na sita,
ila kwa unyevu huu mwili utahesabu arobaini na mbili.
Mchana vipindi vya jua.
Kuanzia saa tisa, mvua na ngurumo za radi
katika maeneo machache.
Wa mapaa, nyweni maji kabla ya kiu.
Wa mahindi, mikono mirefu, hata mkiichukia."

Nikadhani nimemaliza.

Simu ikalia. Wabiwa, wa chini,
sauti ya mtu aliyebana vibanio vya nguo kwa meno:
"Maeneo machache ndiyo yapi?"
Nikasema hayajulikani.
"Yamehesabiwa yakaonekana machache,
halafu hayajulikani?"
Asilimia thelathini, nikasema.
"Thelathini ya nini? Ya mawingu? Ya saa? Ya watu?
Nina mashuka sita, dada.
Niambie kama kamba yangu imo."

Nikaenda kazini.
Kiwanda ni cha shayiri; upepo ukigeuka
mji mzima hunukia uji.

Kufikia saa sita joto lilikuwa limekaa
kama mgeni aliyekwisha vua viatu.
Mbwa wa Darlene Novotny alilala ndani ya beseni.
Mahindi, husema wenyeji, hutoa jasho:
ekari kwa ekari yanaipumulia barabara,
na humo ndani, safu baada ya safu,
mwanangu Asukulu, miaka kumi na minne,
anang'oa mbelewele kwa mshahara wake wa kwanza,
majani yakimchanja shingo
maana mikono mirefu alivaa, kola hakufunga.
(Bibi yake angeuliza: hindi limekosa nini
hata ling'olewe ua?)

Nilitoka zamu saa nane.
Dalili ya mvua ni mawingu, tulifunzwa.
Hapa ni Darlene barazani, mkono kiunoni,
akitazama magharibi: "Imekuwa kijani."
Na kweli, mbingu ilikuwa rangi ya chupa kuukuu.

Ikaja ikichagua.
Ilipita juu ya duka la matairi bila kushuka,
ikaruka shule, ikaruka kanisa,
ikasimama juu ya jengo letu, upande wa mashariki tu,
ikamwaga kama mtu aliyekosea ndoo.
Dakika kumi na moja.
Radi moja ilipasuka, friji ikanyamaza.
Ng'ambo ya maegesho magari yalibaki na vumbi lake;
mvua ilikatika katikati ya lami kama kwa rula,
na mtoto mmoja akawa anaruka huku na huku:
mvua, jua, mvua, jua.

Wilondja alirudi kutoka mapaa ya Marion,
mkavu, lami kwenye magoti,
akauliza nani kamwaga maji ngazini.
Asukulu: walifungiwa ndani ya basi saa nzima
kwa radi waliyoiona mbali, mbali kabisa.
"Tumeikosa," akasema,
kama mtu aliyekosa harusi.

Usiku nikashuka kwa Wabiwa.
Mashuka matano juu ya milango, juu ya viti;
la sita akanipa ncha moja, akashika nyingine,
tukalisokota pamoja, yeye kulia, mimi kushoto.
"Kesho useme tu: mvua kwa Wabiwa.
Watu wajue pa kuikwepa."

Maji yakaanguka beseni,
vuguvugu, yenye mchanga kidogo,
vumbi la shamba fulani la magharibi
ambalo, nadhani, liliambiwa nalo
lisubiri.