Mara Moja

Minzifa mpima dawa, katika mji Kazani,
gramu kwa gramu hugawa, hakosei mizanini,
jioni anaponawa, huanza tena mwanzoni:
mkono mara ya saba, na bado hana yakini.

Kitabu chake cha vema, hukiweka mfukoni,
swala, dhikiri, kusoma, hata vyombo vya jikoni;
siku moja ikigoma, hukitia jalalani,
kesho hununua kipya, cha kumi tokea Juni.

Kisha Januari hii, nyuzi thelathini chini,
bomba la ghorofa nzima
likapasuka.

Sinki likakohoa mara mbili, likanyamaza.
Birika tupu. Nje theluji tele, lakini dirisha
limegandamana na fremu yake tangu Desemba.
Alfajiri inayoyoma, na Minzifa amesimama
mikono hewani, kama daktari aliyeibiwa mgonjwa.

Kwenye kizingiti cha dirisha, chungu cha marehemu mama yake:
jeraniamu yenye jani moja la manjano,
udongo mkavu,
kijiko cha chai alichokisahau humo wiki jana.
Akakiweka kijiko pembeni. Bismillahi.
Akapiga viganja.

Mara moja. Udongo hauulizwi
kama umefika kwenye kila unywele;
umefika ulipofika.
Akajipangusa uso, akajipangusa mikono,
na chembe moja ikabaki juu ya nyusi
kama ya mtoto aliyeitwa ndani kabla mchezo haujaisha.

Ndipo akamwona mama yake, Bi Sabira,
miaka ile swala ilipofichwa nyuma ya jiko la matofali:
herufi alizozipokea kwa sikio, zimepinda,
rakaa zikichanganyika na maziwa yanayofurika,
na baada ya salamu akimwuliza paka,
"Tatu, au nne?"
Akicheka. Akiinuka kuongeza moja, endapo.
Dari halikumwangukia.

Minzifa akaswali. Rakaa ya pili aliwaza fundi bomba.
Akapiga mwayo. Hakurudia.

Saa tatu, dukani, mzee Ildus akamnyooshea kidole:
"Una uchafu hapo, binti."
"Najua," akasema, na akampimia dawa yake ya presha
chembe kwa chembe, bila haraka,
maana moyo wa mtu si ua la chunguni.

Jioni maji yakarudi, mekundu kwa kutu, kisha meupe.
Akanawa mkono mara tatu.
Wa nne ukaenda, nusu ya njia, ukasita,
ukafunga bomba.
Kesho huenda ukafika. Hajui.

Kitabuni safu ya Jumanne iko tupu,
haina vema, haina kosa,
ina alama ya kidole cha udongo pembezoni.
Kitabu bado kiko mfukoni.